Nani Anashtakiwa Hapa?

Leo nina jambo ambalo likitajwa tu, joto linapanda: kijiweni, msikitini, kanisani, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nalo ni hili. Maneno makali kuhusu Israel yanaacha kuwa siasa lini, yakageuka chuki dhidi ya Wayahudi? Na shutuma hiyohiyo ya chuki inageuka lini kuwa kitambaa cha kuwaziba watu midomo?

Swali hili huwa linaletwa kwetu kutoka Ulaya na Marekani, likiwa limeshapikwa huko. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu wenyewe inayofaa kulipima. Mwaka 1972 na mwaka 1973, serikali mbili jirani zilivunja uhusiano na Israel. Moja ni Uganda ya Idi Amin, nyingine ni Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Zote zilisema zinasimama na Waarabu na Wapalestina. Kwa mtu anayehesabu kura tu, zilifanya jambo moja. Kwa mtu anayesikiliza maneno, zilikuwa mbali kama Kagera na Mtwara.

Tuanze Kampala. Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Waisraeli walikuwa marafiki zake. Walikuwa wakifundisha jeshi lake, na mwaka uleule alifunga safari kwenda kwao. Februari 1972 akaenda Libya kuonana na Gaddafi, na mwezi uliofuata Waisraeli wakaambiwa wafungashe virago. Mpaka hapo hakuna cha kushangaza. Serikali hubadili marafiki kila kukicha. Unaweza kumwita kigeugeu, ukaishia hapo.

Septemba mwaka huohuo, kwenye michezo ya Olimpiki ya Munich, wapiganaji wa Kipalestina waliwateka wanamichezo wa Israel, na wanamichezo na makocha 11 wakapoteza maisha. Siku chache baadaye Amin alituma telegramu kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, na nakala kwa Waziri Mkuu wa Israel, Golda Meir. Humo alisema Ujerumani ndiyo hasa mahali palipostahili jambo lile, kwa kuwa ndiko Hitler alikowachoma Wayahudi zaidi ya milioni sita. Akatoa na sababu: eti Hitler na Wajerumani walijua kwamba Waisraeli si watu wanaofanya kazi kwa faida ya watu wa dunia.

Naomba tusimame kidogo kwenye maelezo hayo. Amesema Waisraeli. Hitler alikufa Aprili 1945. Dola ya Israel ilitangazwa Mei 1948. Kwa hiyo katika wale milioni sita hapakuwa na raia hata mmoja wa Israel. Waliokufa walikuwa mafundi cherehani wa Warsaw, walimu wa Amsterdam, wachukuzi wa bandarini Thessaloniki, na watoto wao wachanga. Hawakuwa na serikali, hawakuwa na jeshi, wala hawakuwa na mpaka wa kugombania na mtu. Amin alianza kwa kuishtaki dola, na kabla hajafika kwenye nukta alikuwa ameshawahukumu watu kwa kuzaliwa kwao, tena akaona waliostahili kuchomwa walichomwa.

Hapo ndipo pa kutega sikio, msikilizaji. Mara nyingi chuki haibishi hodi kwa jina lake. Inapanda kwenye gari la hoja ya kawaida, halafu inashuka kituo kingine kabisa.

Na usidhani yalikuwa maneno tu ya mtu mropokaji. Mashariki ya Uganda, jirani na Mbale, wanaishi watu wanaoitwa Abayudaya. Ni Waganda weusi kama wewe na mimi, wakulima wa kahawa na migomba. Dini yao ilianza mnamo mwaka 1919, pale jemadari Semei Kakungulu, aliyekuwa Mkristo na mtumishi wa Waingereza, alipoamua kuifuata Torati na kuwatahiri wanawe. Chini ya Amin ibada yao ilipigwa marufuku na masinagogi yao yakafungwa. Wengi waliiacha dini hadharani, wachache wakaendelea kusali kwa kujificha mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979. Walionusurika wakaanza upya, na mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, akachaguliwa kuwa mbunge. Sasa niambie: yule mkulima wa Mbale alikuwa amekalia ardhi ya Mpalestina gani? Alirusha bomu gani, wapi? Kosa lake lilikuwa kwamba yeye ni Myahudi, basi.

Tena kumbuka kalenda. Telegramu ile iliandikwa mwezi mmoja tu baada ya Amin kuwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Nao walishtakiwa kwa namna ileile: wanahujumu uchumi, wanaeneza rushwa. Hakuna aliyesema fulani bin fulani amekwepa kodi kiasi hiki, apelekwe mahakamani. Ilitajwa asili, hukumu ikapita. Tuna methali inayosema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa muuza samaki pale feri huo ni ushauri mzuri. Kwa binadamu ni sheria ya Amin.

Tuvuke sasa mpaka, tuje Dar es Salaam. Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru, bunge la Tanganyika lilikuwa likijadili muswada wa uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Wahindi, Waarabu na Wazungu wakae pembeni. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliwaka. Aliwatajia Hitler, akawatajia na kambi ya Belsen, akawaonya kuwa ukianza kuwatukuza watu kwa rangi yao ndiko unakoelekea. Kwa maneno mengine, mauaji ya Wayahudi aliyatumia kuwalinda Wahindi wa Kariakoo.

Huyohuyo Nyerere, mwaka 1967, baada ya vita vya siku sita, alisema waziwazi kwamba kuundwa kwa Israel kulikuwa uchokozi dhidi ya Waarabu. Maneno mazito hayo. Lakini katika hotuba hiyohiyo alieleza kwamba dunia iliruhusu jambo lile kwa sababu ya mateso waliyopitia Wayahudi, kwamba Israel sasa ipo na inataka kutambuliwa kuwa taifa, na kwamba ardhi iliyotekwa na Israel kwenye vita hivyo mwezi Juni lazima irudishwe. Oktoba 1973 Tanzania ikavunja uhusiano na Israel, na Wapalestina wakapewa ofisi Dar es Salaam. Uhusiano ule haukurejeshwa mpaka mwaka 1995.

Kwa hiyo ukali wa maneno haufai kuwa kipimo. Hotuba ya Nyerere ilikuwa kali. Ila mshtakiwa wake alikuwa serikali, na kosa lilitajwa kwa jina na tarehe: kuteka ardhi, Juni 1967. Na palikuwa na njia ya kujisafisha: rudisha ardhi, tuzungumze. Mshtakiwa wa Amin alikuwa watu, na watu hao hawakuachiwa njia yoyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kurudisha kuzaliwa kwake.

Ingekuwa rahisi kama mambo yangekuwa hivyo siku zote. Hayako hivyo. Tarehe 1 Oktoba 1975 Amin, safari hii akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa huko New York. Hakulitumia tena neno Wayahudi kama zamani. Alisema Wazayuni. Akadai kwamba Wazayuni wameitawala Marekani kama koloni, kwamba karibu benki zote ni zao, viwanda vikubwa ni vyao, vyombo vya habari ni vyao.

Uzayuni, yaani kutaka Wayahudi wawe na taifa lao, ni itikadi ya kisiasa, na mtu ana haki ya kuipinga kama anavyopinga ubepari au ujamaa. Lakini hadithi aliyoisimulia Amin siku ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko Israel. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilianza kuchapisha maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu za kikao cha siri cha wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuishika dunia kwa benki na magazeti. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, fungu kwa fungu, kwamba maandishi yale yalinakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa mmoja kilichomkejeli mfalme Napoleon wa Tatu, kitabu ambacho hakikuwa na habari za Wayahudi hata kidogo. Miaka 100 na zaidi imepita tangu maandishi yale yaumbuliwe, na hadithi ingali inatembea. Amin aliivisha kanzu mpya tu. Kwa hiyo ukisikia Wazayuni wametajwa, usimrukie msemaji. Msikilize kwanza anasema wamefanya nini. Kama wamejenga makazi kwenye ardhi ya Wapalestina katika Ukingo wa Magharibi, hiyo ni siasa, na ramani ipo. Kama wameshika mabenki ya dunia, hiyo ni hadithi ya 1903.

Na hapa niwaguse na wale wanaojiona wako salama kwa kuwa wanawapenda Wayahudi. Umeshawahi kwenda kwenye semina za ujasiriamali? Anasimama mtoa mada, maikrofoni mkononi, anaahidi kufundisha siri za utajiri za Wayahudi. Anasema hawa watu ni wachache lakini fedha yote ya dunia iko kwao, tuwaige. Ukumbi unapiga makofi. Anadhani amesifia. Mantiki yake ni ileile: Wayahudi wote ni kitu kimoja, wana siri moja, dunia iko mfukoni mwao. Sifa ya namna hiyo ikikutana na mwaka wa njaa inageuka shtaka, bila kubadilisha hata neno. Kadhalika kwenye mimbari. Yuko mhubiri anayewabebesha Wayahudi wote wa leo damu ya Yesu, ijapokuwa Kanisa Katoliki lenyewe lilikataa shtaka hilo rasmi mwaka 1965 kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Na yuko wa pili anayefundisha kwamba kuikosoa serikali ya Israel ni kumkosoa Mungu, kwa kuwa hilo ni taifa teule. Kwa wote wawili Myahudi si mtu mwenye akili na makosa yake. Amegeuzwa alama.

Picha nazo zinasema. Mwaka 2012, kwenye ukuta wa mtaa mmoja mashariki ya London, msanii kutoka Marekani alichora wazee matajiri wameketi kuzunguka ubao wa mchezo, wakihesabu fedha, na ubao wenyewe umewekwa juu ya migongo ya watu walioinama. Baadhi ya wale wazee walichorwa na pua kubwa zilizopinda, kama katika katuni za Kinazi. Hakuna mahali palipoandikwa Myahudi. Msanii alisema alichora mabenki na matabaka, na kweli hawakuwa Wayahudi wote mle. Picha ilipoamriwa kufutwa, mbunge Jeremy Corbyn aliuliza mtandaoni kwa nini inafutwa. Mwaka 2018, akiwa kiongozi wa chama cha Labour, swali lile lilimrudia, akasema anajutia kutoitazama vizuri. Mimi namchukua kwa neno lake, na hapo ndipo penye funzo. Mtu anaweza kuchukia ubepari kwa moyo safi, na bado akaipita picha ya aina ile bila kuona zile pua. Asiyeijua historia ya shtaka atalibeba bila kujua amebeba nini.

Mzozo uliofuata ndani ya Labour ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mzozo wa fasili: chuki dhidi ya Wayahudi ni nini hasa? Mwaka 2016, mjini Bucharest, muungano wa mataifa unaoshughulikia kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi ulipitisha fasili fupi yenye mifano 11. Mifano mingi kati ya hiyo inahusu Israel. Maandishi yenyewe yanasema kuikosoa Israel kama nchi nyingine yoyote inavyokosolewa si chuki. Lakini mfano mmoja unataja madai kwamba kuwapo kwa dola ya Israel ni mradi wa kibaguzi. Hapo pakawaka moto. Mpalestina ambaye babu yake alifukuzwa kijijini kwake mwaka 1948 atasimuliaje alichofanyiwa bila kusema maneno yanayofanana na hayo? Mwaka 2021 wasomi wapatao 200, wengi wao wakiwa Wayahudi, wakatoa Tamko la Yerusalemu, lenye miongozo 15. Linasema kuupinga Uzayuni kama itikadi, au kususia bidhaa za Israel, peke yake si chuki.

Sisi wenyewe tumo kwenye mzozo huo. Novemba 1975 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuutangaza Uzayuni kuwa aina ya ubaguzi wa rangi. Tanzania ilisema ndiyo, Kenya ikajizuia. Azimio lile lilifutwa mwaka 1991. Kwa waliolipigia kura, lilitokana na vita dhidi ya ukoloni na makaburu. Kwa Wayahudi wengi, lilikuwa pigo: kati ya tamaa zote za watu duniani kuwa na taifa, yao peke yake ndiyo iliyobandikwa jina hilo. Mimi naona pande zote mbili zina la kujibu, na ndiyo maana sipendi fasili igeuzwe rungu. Kenneth Stern, mwanasheria wa Marekani aliyeongoza kuandika rasimu ya kwanza ya fasili ile ya Bucharest, amesema mara nyingi kwamba iliandikwa kwa ajili ya wakusanyaji wa takwimu, na amepinga kutumiwa kwake kuchunga kauli za wanafunzi na walimu vyuoni.

Labour yenyewe ilipimwa mara mbili. Oktoba 2020 tume ya usawa na haki za binadamu ya Uingereza ilikuta chama kimevunja sheria, ikiwamo kuwanyanyasa Wayahudi kupitia watu waliotenda kwa niaba yake. Julai 2022 ripoti nyingine, ya wakili Martin Forde, ikasema makambi yote mawili ndani ya chama yalilitumia suala hilo kama silaha ya kupigana wao kwa wao. Wapo wanaosoma ripoti ya kwanza tu, na wapo wanaosoma ya pili tu. Zote mbili zilikuwa za kweli: ugonjwa ulikuwapo, na wapo waliofanya biashara kwa jina la ugonjwa.

Basi tufanye nini, sisi tusiokuwa wanasheria? Fasili zote mbili, ya Bucharest na ya Yerusalemu, zinakubaliana jambo moja kubwa: kumbebesha Myahudi yeyote, popote alipo, dhambi za serikali ya Israel ni chuki. Tuanzie hapo. Ukisikia hotuba, uliza nani anashtakiwa. Ni waziri, jeshi, serikali, au ni "hawa watu"? Halafu uliza wanashtakiwa kwa lipi, na kama kosa hilo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Njama isiyo na tarehe wala shahidi haikanushiki, na ndiyo sababu inapendwa.

Anayeshutumu naye awe na wajibu wake. Ukimwambia mtu ana chuki dhidi ya Wayahudi, mwonyeshe sentensi. Sema: hapa, neno hili, umetoka kwenye serikali ukaenda kwenye damu. Ukishindwa kuionyesha, ukabaki unasema tu kwamba ameisema Israel vibaya, basi umemwonea, na umelidhoofisha neno ambalo siku moja litahitajika kweli.

Najua kwa nini mjadala huu una uchungu sasa. Oktoba 7, 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa na Hamas, na wote wawili wamekufa. Tangu siku ile maelfu kwa maelfu ya Wapalestina wameuawa Gaza, watoto wengi sana wakiwamo. Anayewalilia hawa na wale hajachanganyikiwa. Wala anayesema kwa hasira kwamba jeshi la Israel limefanya unyama Gaza hahitaji kuomba radhi kwa Myahudi yeyote.

Lakini Waislamu na Wasomali wa ukanda huu wanaijua hukumu ya jumla kuliko mtu yeyote. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi nchini Kenya, polisi waliingia mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kukamata maelfu, wengi wao Wasomali, wakajazwa kwenye uwanja wa Kasarani. Hawakuulizwa wamefanya nini. Waliulizwa wao ni akina nani. Aliyelia na Kasarani hawezi kuchekelea sheria hiyohiyo ikigeuziwa Myahudi wa Nairobi au wa Mbale.

Nami nasema kwa faida ya Wapalestina wenyewe. Kesi yao ina ramani, ina maazimio ya Umoja wa Mataifa, ina hati za mashamba na majina ya waliokufa. Ni kesi inayoweza kusimama mbele ya hakimu yeyote. Anayekuja kuichanganya na hadithi za benki na damu anampa mpinzani wake sababu ya kutoisikiliza, na anayeumia hapo ni Mpalestina kwanza. Aliye na ushahidi hana haja ya kuazima uongo.